Tundu Linalobisha Hodi

Igeuze risiva ya sinema ya nyumbani iliyotengenezwa mwaka 2005, uitazame mgongoni. Risiva ninayoisema si ile ya dishi. Ni lile sanduku jeusi, zito kama kiroba cha mchele, lenye redio na amplifaya ndani yake, linalogawa sauti kwenda kwenye spika tano au saba na sabufa. Mgongoni kumejaa matundu: mekundu na meupe ya sauti, ya njano ya picha, seti za kijani, buluu na nyekundu za picha iliyo safi zaidi, matundu madogo ya mraba yenye kifuniko ambamo hupita mwanga, skurubu za kufungia nyaya za spika, pa kuchomekea antena, na pembeni, kama mgeni aliyefika chakula kikiwa kimeshaliwa, tundu moja au mawili ya HDMI, au hakuna hata moja. Mwenye nyumba huiunganisha na runinga aliyonunua juzi, kioo kinabaki cheusi au spika zinanyamaza, na hukumu hutoka papo hapo: imezeeka hii, tupa. Hukumu hiyo mara nyingi humwangukia asiye na kosa. Sehemu inayokuza sauti huwa nzima. Kilichozeeka ni makubaliano kati ya watengenezaji wa vyombo na studio za filamu kuhusu chombo gani kiruhusiwe kupokea nini, na makubaliano hayo yameandikwa kwenye matundu. Anayetaka kuifunga risiva ya zamani na kuitafutia hitilafu anahitaji kalenda kabla hajashika bisibisi.

Kalenda yenyewe huanzia Marekani. Mwaka 1954 kampuni changa ya Harman Kardon ilitoa Festival D1000, iliyoweka ndani ya kasha moja vitu vitatu ambavyo wapenzi wa muziki walikuwa wakivinunua mbalimbali: redio, chombo cha kuchagulia chanzo na kurekebishia sauti, na amplifaya yenyewe. Miaka minne baadaye ikaja TA-230 ya stirio, wakati santuri za stirio zikiingia madukani. Jina la risiva lilitokana na redio; bila redio ndani, kasha hilo lingeitwa amplifaya tu. Vyanzo vingine, hasa kinanda cha santuri, viliingia kwa kijitundu cha duara kilichobuniwa na kampuni ya RCA miaka ya 1930 kwa kazi hiyohiyo ya santuri. Kijitundu hicho ndicho chekundu na cheupe cha leo. Kina sifa moja ambayo wakati ule haikuonekana kuwa sifa: hakiulizi chochote. Umeme mdogo wa sauti ukiingia, unapokelewa. Hakuna anayetaka kujua umetoka kwa nani, ulitengenezwa mwaka gani, wala una kibali cha nani. Ndiyo maana king'amuzi kilichonunuliwa Dar es Salaam baada ya mitambo ya analojia kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012 kinaweza kuchomekwa kwenye amplifaya ya miaka ya 1970 na kikaimba bila mjadala.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuongeza spika bila kuongeza nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za santuri zilijaribu kuuza sauti ya spika nne, lakini CBS ilikuja na mfumo wake, Sansui na wake, JVC na wake, na santuri ya mmoja haikueleweka vizuri kwenye mashine ya mwingine. Wanunuzi wakakaa pembeni, na kabla muongo haujaisha biashara ilikuwa imekufa. Hesabu iliyokuwa ndani ya mifumo hiyo haikufa nayo. Dolby iliichukua kwa ajili ya majumba ya sinema, ikaficha njia nne za sauti ndani ya mbili, na mwaka 1977 Star Wars ikawaonyesha wenye majumba ya sinema kwa nini inafaa kugharimia spika za nyuma. Siri ikawa kwamba kanda ya video ya stirio iliponakiliwa kutoka kwenye filamu, njia zile mbili zilibeba zile nne bila yeyote kuzitia kwa makusudi. Kilichokosekana nyumbani ni chombo cha kuzifumbua. Kilianza kuuzwa mwaka 1982 kwa jina la Dolby Surround, na mwaka 1987 kikaja kilicho makini zaidi, Pro Logic, ambacho huipa spika ya katikati kilicho sawa kulia na kushoto, na spika za nyuma kile kinachopingana kati ya pande mbili.

Nimekaa hapa kwa sababu mtu anayeijua hesabu hiyo tayari ameshapata nusu ya utambuzi wa hitilafu za mashine za miaka ya 1990. Spika za nyuma zikinyamaza, kosa laweza kuwa la chanzo: kipindi cha mono hakina tofauti kati ya kulia na kushoto, kwa hiyo nyuma hakuna cha kupeleka. Maneno ya waigizaji yakihamia upande mmoja badala ya kukaa katikati, pini moja ya mekundu na meupe imelegea. Besi ikiwa nyembamba na sauti ikielea hewani bila makazi, spika moja ya mbele imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Hakuna kilichoungua katika visa hivyo vitatu, na hakuna kipuri cha kununua.

Sauti ya kidijitali ilipokuja, tabia ya kutouliza iliendelea. Diski ya CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, na mwaka uliofuata Toshiba ikaleta TOSLINK, uzi wa plastiki unaopitisha sauti kwa mwanga mwekundu. Filamu ya Batman Returns ya 1992 ilitangulia na mfumo wa sauti wa Dolby Digital, Jurassic Park ya 1993 ikaja na DTS, na DVD zilipoingia sokoni Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, uzi uleule wa mwanga uliweza kubeba njia sita za sauti iliyobanwa. Kubanwa huko kulikuwa kwa kikatili: Dolby Digital ya DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde, chini ya theluthi moja ya kinachotumiwa na njia mbili tu za CD. Lakini jambo lenye uzito kwa hoja yangu ni lingine. Mwanga ndani ya uzi ule huenda upande mmoja. Chanzo hutuma, risiva hupokea, na hakuna njia ya kurudisha swali hata kama mtu angetamani kuuliza. Tundu la mwanga ni bubu kwa maumbile yake, na ububu huo ndio uliolifanya liwe la kutegemewa mpaka leo.

Mabadiliko makubwa hayakuletwa na masikio. DVD zilikuwa na kufuli la usimbaji liitwalo CSS, na mwaka 1999 programu ndogo iliyojulikana kama DeCSS ikalifungua. Kijana wa Norwe, Jon Lech Johansen, akashtakiwa kwa ajili yake, na mahakama ikamwachia huru mwaka 2003. Studio zilikwisha kuingiwa na hofu. Picha ya ubora wa juu ilikuwa njiani, na hazikuwa tayari kuiachia ipite kwenye nyaya zisizouliza. Intel ikatoa kufuli lake, HDCP, mwaka 2000, na Desemba 2002 Hitachi, Matsushita, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba zikatangaza HDMI, waya mmoja wenye pini 19 wa kubeba picha na sauti pamoja. Sasa tundu la nyuma ya risiva lilikuwa la kubisha hodi. Chanzo hutuma volti 5 kwenye pini ya 18. Aliye upande wa pili hujibu kwa pini ya 19 kwamba yupo nyumbani. Chanzo husoma maelezo yake: wewe unaweza picha za ukubwa gani, sauti za aina gani, njia ngapi? Kisha, maudhui yakiwa ya kulindwa, hubadilishana namba za funguo. Jibu moja likikosekana, mlango haufunguliwi, na mtazamaji hubaki na giza lisilomwambia sababu.

Risiva katika mpango huo ni mshenga. Inapaswa kumwitikia mchezeshaji diski kana kwamba yenyewe ndiyo runinga, kisha igeuke ibishe hodi kwa runinga ya kweli na kurudisha majibu yake. Mshenga akisahau neno moja, posa inavunjika hata kama bwana na bibi wanapendana. Ndiyo sababu hitilafu nyingi za HDMI huonekana risiva ikiwa katikati na hutoweka ikiondolewa, na ndiyo sababu risiva hulaumiwa. Risiva za kwanza za HDMI zilikuwa washenga wa kazi nusu: baadhi zilipitisha picha tu na kuipuuza kabisa sauti iliyomo ndani ya waya uleule. Mwenye mashine ya namna hiyo atahangaika wiki nzima akitafuta kilichoungua, kumbe anachohitaji ni kuongeza uzi wa mwanga kando ya HDMI na kuiambia menyu kwamba sauti itoke huko.

Baada ya hapo mashine zilianza kuzeeshwa kwa kalenda. Toleo la 1.3 la HDMI la mwaka 2006 liliruhusu sauti za Blu-ray zisizopoteza kitu zipite bila kufumbuliwa kwanza, la 1.4 la mwaka 2009 lilileta ARC, njia ya kurudisha sauti kutoka runinga kwenda risiva, la 2.0 la mwaka 2013 likaleta picha ya 4K kwa fremu 60, na kufuli jipya la HDCP 2.2 likafuatana na zama hizo. Kufuli hilo halikuweza kupachikwa kwenye mashine zilizokwisha kuuzwa. Risiva bora ya mwaka 2012, yenye transfoma ya kilo kadhaa, iligeuka kuwa kizuizi cha 4K ikiwa bado ina harufu ya boksi. Na ambaye bado anadhani ni teknolojia iliyoamua atazame yaliyoyapata matundu ya kijani, buluu na nyekundu. Yaliweza kupitisha picha ya ubora wa juu, na kwa miaka yalifanya hivyo. Masharti ya leseni ya Blu-ray yakaagiza kwamba wachezeshaji wapya baada ya mwisho wa 2010 wapunguze picha inayotoka kwa analojia mpaka kiwango cha chini, na baada ya mwisho wa 2013 wasitoe picha ya analojia kabisa. Nyaya hazikuchakaa wala matundu hayakuota kutu. Kibali ndicho kilichoondolewa.

Kutokana na historia hiyo, kanuni ya kufunga risiva ya zamani inajiandika yenyewe: yale yanayobisha hodi yapelekwe moja kwa moja kwa runinga, na risiva ipewe sauti kwa tundu lisilouliza. King'amuzi, kompyuta, deki ya Blu-ray, vyote viende runingani. Uzi wa mwanga utoke runingani uingie kwenye risiva. Hapo mshenga ameondolewa barazani na kupewa kazi anayoiweza. Kisha kuna vizingiti vidogo ambavyo huwashinda watu wengi kuliko HDMI yenyewe. Runinga mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kutoa stirio tu kwenye tundu la mwanga. Lazima menyu yake ya sauti ibadilishwe itoe Dolby Digital bila kuifumbua. Kitufe kilichoandikwa DVD kwenye risiva hakina maana ya tundu lililoandikwa DVD: kiwanda kilikiunganisha na tundu fulani la mwanga, na ukichomeka kwingine utapata kimya mpaka uingie menyu ya kugawa matundu. Na menyu yenyewe katika mashine nyingi za wakati ule hutoka kwa tundu la njano peke yake, kwa hiyo aliyeunga HDMI pekee anaamini kuwa menyu imekufa. Akichomeka waya wa njano kwa dakika kumi anaiona. Aweke spika ndogo kuwa ndogo, besi chini ya hezi 80 iende kwa sabufa, na umbali wa kila spika uandikwe kwa kipimo halisi, kwa kuwa kila sentimita 34 ni kama milisekunde moja ya kuchelewa. Sauti ikitangulia midomo, kuna mpangilio wa kuichelewesha. Yakimshinda yote, kurejesha mipangilio ya kiwandani huondoa fujo za mmiliki wa kwanza, na mashine ya mitumba huja na fujo nyingi.

Fundi atanipinga hapa, na ana haki. Atasema mashine huzeeka kweli: kapasita hukauka, na kanuni inayojulikana ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wake hupungua kwa nusu, kwa hiyo risiva iliyosukumwa ndani ya kabati lisilo na hewa imejipikia kifo chake. Nakubali, na ningeongeza kwamba hata bodi za HDMI zenyewe zilikufa kwa joto, jambo linaloipa hoja yangu nguvu badala ya kuipunguza, maana sehemu iliyokufa kwanza mara nyingi ilikuwa ile inayobisha hodi, huku amplifaya ikiendelea. Uzee wa kweli una dalili zake, na hazifanani na giza la HDMI. Mvumo wa hezi 100 usiobadilika unaonyesha kapasita za umeme. Wa hezi 50 unaokoma ukichomoa waya wa antena au wa king'amuzi ni wa mzunguko wa ethi. Mikwaruzo unapozungusha sauti ni uchafu kwenye kitasa, dawa ya kusafishia viungio huimaliza. Spika moja inayopotea na kurudi ukiongeza sauti kwa ghafla ni relei iliyoota weusi. Mashine ikijizima sekunde chache baada ya kuwashwa, ondoa nyaya zote za spika uiwashe tena: ikikaa, kuna unyuzi uliogusana na mwenzake nyuma, ikizima, transista za kutolea sauti zimepata msiba, na hapo iende kwa fundi, si kwa kijana mwenye bisibisi, kwa sababu kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Pingamizi la pili ni la haki za wasanii. Filamu zinagharimu, wizi ulikuwepo, na kufuli lilihitajika. Ningeliheshimu pingamizi hilo zaidi kama kufuli lingefanya kazi. Septemba 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja na kuchapishwa hadharani, na Intel yenyewe ikathibitisha kuwa ni wa kweli. Tangu siku hiyo mwenye nia ya kunakili alikuwa na njia, na aliyeendelea kubaki na kioo cheusi ni yule aliyenunua diski dukani na risiva dukani kwa fedha yake. Kufuli likamzuia mwenye nyumba aliyesahau kwamba mshenga wake ni wa 2012.

Wapo pia watakaosema: nunua mpya, mambo yaishe. Atmos, iliyofika majumbani mwaka 2014, huleta sauti za juu ya kichwa ambazo mashine ya 2005 haizijui, na hilo siwezi kulikanusha. Uzi wa mwanga pia hauzibebi sauti za Blu-ray zisizobanwa kwa hasara. Lakini upya haumwokoi mtu na hodi. Mwaka 2020 baadhi ya risiva mpya kabisa, zilizotangazwa kwa HDMI 2.1, zilitoa kioo cheusi zilipopokea 4K ya fremu 120 kutoka kwa mashine ya michezo ya Xbox Series X, kwa kosa la chipu ndani yake. Na kwa mtu anayetazama habari, mpira na filamu za mtandaoni kwenye sebule ya spika tano, tofauti kati ya mpya na ya zamani iliyofungwa vizuri ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na kusogeza spika ya katikati isizibwe na kitambaa cha meza.

Limebaki tundu moja ambalo nimelipita haraka, na ndilo lililoipa mashine jina: la antena. Nalo lina kalenda na ramani. Ila kabla ya antena kuna umeme: risiva iliyouzwa Marekani hutaka volti 120, ya Japani 100, na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za volti 230 au 240 ni kuichoma. Transfoma ya kushushia umeme hununuliwa kabla ya waya wowote. Redio yake pia imezaliwa kwa nchi yake. Ya Marekani hupanda kwa hatua za megahezi 0.2, 88.1 kisha 88.3, ikivuka kila kituo kilicho kati, ingawa baadhi zina swichi mgongoni ya kubadilisha hatua hizo. Ya Japani ya zamani huanzia 76 na kukomea 90, adha inayojulikana na kila aliyewahi kuendesha gari lililoagizwa kutoka huko. Kinyume chake ni risiva ya Ulaya. Norwe ilimaliza kuzima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, na mashine nzima kabisa za huko zikawa na tundu la antena lisilofikiwa tena na vituo vikubwa. Mashine hiyohiyo ikifika Mombasa au Mwanza, ukaichomeka ukutani na kuining'inizia kipande cha waya, ukanda wa 87.5 hadi 108 utajaa sauti kabla menyu haijaguswa.